Panda Gari: Amri Iliyogeuka Jina, kutoka Kambi za Jeshi la Uganda hadi Makazi ya Nakivale

Abiria wa daladala jijini Dar es Salaam huyasikia maneno panda gari kila asubuhi na wala hageuki. Mkaazi wa Kampala aliyekuwa mtu mzima kati ya mwaka 1981 na 1985 huyasikia kwa namna nyingine kabisa. Kwake panda gari si tendo la msafiri. Ni jina la msako wa kijeshi, nalo limekaa ndani ya Kiganda, aghalabu kwa matamshi ya panda gali, vinywani mwa watu ambao huenda hawana sentensi nyingine kamili ya Kiswahili. Kitenzi kinachofundishwa katika masomo ya mwanzo ya lugha hii kiligeuka kuwa neno la mtaani lenye kutisha, kisha kikawa nomino katika historia ya nchi.

Makala haya yanafuatilia safari hiyo kuanzia kambi za jeshi, kupitia Kampala na Mbarara, hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nakivale ina umuhimu wa pekee kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha huko hakikuja kwa amri ya mkubwa yeyote. Kimekuja na wakimbizi wenyewe, hasa Wakongo, na ni lugha ya sokoni, ya ibada na ya ujirani. Pili, ni mahali ambapo kitenzi kupanda, kwa maana zake mbili kuu, kimekuwa suala la sera: nani aruhusiwe kupanda mbegu, na nani apande lori. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukatili wa nyakati peke yake hautoshi kueleza jinsi maana ya panda gari ilivyogeuka. Umbo la kisarufi la amri yenyewe lilichangia, na bado linachangia katika namna serikali na mashirika yanavyozungumza na wakimbizi.

Vitenzi viwili vyenye sauti moja

Makamusi ya Kiswahili huliingiza neno panda zaidi ya mara moja. Lipo panda la kukwea: mti, mlima, ngazi, chombo, na kwa kupanuka kwa maana, cheo na bei. Lipo panda la kutia mbegu au mche ardhini. Lipo pia panda la nomino, yaani mahali tawi au njia inapogawanyika. Lugha nyingi za Kibantu hutenganisha maneno ya namna hii kwa toni. Kiswahili kiliacha toni zamani, na hivyo kikabaki na jozi nyingi ambazo sikio haliwezi kuzitofautisha bila muktadha.

Majirani wa Nakivale hawana utata huo. Mnyankole wa Mbarara hutumia okutemba kwa kukwea na okubyara kwa kutia mbegu. Mganda ana okulinnya na okusimba. Mnyarwanda ana kurira na gutera. Miongoni mwa lugha hizi ni Kiswahili pekee kinachoyaweka mashamba na malori katika kitenzi kimoja, na msemaji wa Kiswahili mwenyewe hatambui ajabu yake mpaka aelezwe. Mnyambuliko ndio unaovitenganisha vitenzi hivi. Kutokana na kukwea hupatikana pandisha na pandishwa, pamoja na nomino kipando, chombo au mnyama wa kusafiria. Kutokana na kutia mbegu hupatikana pandikiza, na kutoka hapo pandikizi, neno ambalo katika Kiswahili cha siasa humaanisha mtu aliyepenyezwa upande wa pili ili kupeleleza.

Neno la pili, gari, lina asili ya Kihindi na liliingia Kiswahili kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Kiganda nacho kililipokea, lakini kikalifanya eggaali na kulipa maana ya baiskeli. Garimoshi likaitwa eggaali y'omukka. Jambo hili ni dogo lakini lina uzito katika uchunguzi wa asili ya msemo. Kama panda gari ingejengwa upya na wasemaji wa Kiganda kwa neno walilokuwa nalo tayari, gari ndani yake lingekuwa baiskeli. Halikuwa. Lilibaki lori la jeshi. Msemo ulichukuliwa mzima, kama ulivyotoka kinywani mwa askari, bila kutafunwa.

Sarufi ya kambini

Askari huyo alirithi Kiswahili cha namna yake. Kikosi cha wanajeshi wa kikoloni cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na batalioni yake ya nne ikawa ya Uganda. Humo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kati ya maofisa Waingereza, waliojifunza kwa kitabu, na askari wa makabila mengi, waliojifunza kwa gwaride. Mungai Mutonya na Timothy Parsons wameieleza lahaja hiyo kwa jina la KiKAR: Kiswahili kilichopunguziwa upatanisho wa ngeli na viambishi vingi, kikabakiza kile tu kinachohitajika ili mtu mmoja aseme na wengi watii. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 jeshi la Uganda liliendelea nacho. Batalioni iliyokaa Mbarara iliitwa Simba, kwa Kiswahili, katika mji ambao wenyeji wake wana neno lao la mnyama huyo.

Dalili ya kambi imo ndani ya msemo wenyewe. Msemaji wa pwani akiwaamuru watu wengi husema pandeni. Mkongo wa Bukavu au Goma husema mupande. Panda ni amri ya umoja. Kuielekeza kwa kundi zima la watu waliosimamishwa barabarani ni kulifanya kundi hilo kuwa kitu kimoja, au kumfanya kila mmoja wao awe peke yake mbele ya bunduki. Athari ni ileile. Inaweza kupingwa kwamba kondakta wa basi naye huita panda, panda, mbele ya abiria ishirini. Ni kweli, lakini kondakta humbembeleza kila abiria kwa zamu yake, na abiria ana haki ya kusubiri basi la nyuma.

Ushahidi zaidi unapatikana katika maneno mengine ya Kiswahili yaliyoingia maisha ya Uganda katika vipindi vilevile. Matajiri wapya wa zama za Idi Amin waliitwa mafuta mingi, si mafuta mengi. Mfumo wa nyumba kumi kumi, ulioigwa kutoka Tanzania baada ya vita vya 1979, uliitwa mayumba kumi. Mwalimu wa sarufi angeyasahihisha maneno haya kwa kalamu nyekundu, naye mwanahistoria angepoteza ushahidi wake. Makosa hayo ya upatanisho ni alama ya kiwanda: yanaonyesha kwamba maneno hayakutoka vitabuni wala pwani, bali katika Kiswahili kilichopita kwenye kambi, karakana na soko la magendo. Magendo nalo ni neno la Kiswahili ambalo Waganda walilichukua bila kubadili chochote.

Hofu ya gari lenye jina la Kiswahili ilikuwa na mtangulizi. Luise White ameandika kwa kirefu kuhusu wazimamoto, watu wa kufikirika waliosemekana kuwateka Waafrika nyakati za ukoloni na kuwanyonya damu, na magari yaliyohusishwa nao. Katika Kiganda waliitwa bazimamoto. Hapo pia kitenzi cha Kiswahili, kuzima moto, kilichukuliwa pamoja na chombo chake na kuwa jina la kitisho. Tofauti ni kwamba bazimamoto walikuwa uvumi. Panda gari haikuwa uvumi.

Sera ya lugha iliongeza uzito. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi, na kufikia mwaka 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa shuleni. Matokeo yake ni kwamba raia wengi wa kusini hawakukutana na lugha hii darasani bali barabarani, mdomoni mwa mtu mwenye silaha. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakubadili hali hiyo, aliithibitisha.

Alfajiri za Kampala

Kati ya vita vya 1979 na misako kuna kipindi kifupi ambacho hakipaswi kurukwa. Majeshi ya Tanzania, yakifuatana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, ambao kikosi chao kikubwa kilikuwa na jina la Kiswahili, Kikosi Maalum, yaliiteka Mbarara mwishoni mwa Februari 1979 na Kampala mwezi Aprili. Waganda waliwapokea kwa jina la bakombozi, yaani wakombozi. Kwa muda wa miezi kadhaa neno la Kiswahili lenye heshima lilikuwa midomoni mwa watu, ingawa wakaazi wa Mbarara waliliona kwa jicho lenye mchanganyiko, kwani mji wao ulibomolewa vibaya katika vita hivyo.

Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Milton Obote madarakani, na Februari 1981 vita vya msituni vya Yoweri Museveni vikaanza. Makundi mengine yenye silaha yalikuwa karibu zaidi na mji mkuu. Kambi ya Lubiri iliposhambuliwa Februari 1982, kukamatwa kwa watu kwa wingi mjini Kampala kulizidi. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa hivi: mtaa unazingirwa kabla ya jua kutoka, watu wanatolewa majumbani au kusimamishwa njiani wakienda kazini, wanapangwa, wapashaji habari wanawaonyesha kwa kidole wanaoshukiwa, kisha malori yanajaa. Waliopandishwa walipelekwa kambini; Makindye na Kireka ni majina yanayorudi tena na tena. Wengine walirudi baada ya siku chache, wengine baada ya kutoa fedha, wengine hawakurudi. Mateso na mauaji ya kipindi hicho ni miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na Tume iliyoundwa mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1994.

Katika misako hiyo ndipo amri ilipogeuka jina. Kwa kawaida Kiswahili huunda nomino ya tendo kwa kiambishi ku-, na ya mtendaji kwa m-. Hapa hakuna kiambishi chochote. Amri yenyewe, kama ilivyopigwa kelele, ikawa jina la tukio: watu walisema kulikuwa na panda gari mtaa fulani, fulani alichukuliwa katika panda gari. Walioathirika hawakukiita kitendo hicho kukamatwa, neno ambalo lingedai sheria, hati na shtaka. Walikiita kwa kile walichoambiwa. Lugha ya mitaani mara nyingi husifiwa kwa ubunifu wake. Hapa sifa yake ni uaminifu wa kunukuu.

Jina halikuondoka na utawala ulioliasisi. Baada ya Januari 1986, jeshi jipya la NRA lilipopambana na waasi kaskazini na mashariki, wenyeji waliitambua misako ya kuwakusanya na kuwachuja raia kwa jina lilelile. Huko Mukura, Teso, watu 69 walikufa kwa kukosa hewa tarehe 11 Julai 1989 ndani ya behewa la treni walimofungiwa na wanajeshi. Gari lilikuwa garimoshi. Miongo mitatu baadaye, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, wafuasi wa upinzani walitiwa katika magari madogo ya abiria ambayo umma uliyaita droni, na wazee wengi walilinganisha mara moja na panda gari. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini kiisimu kuna hatua mpya ya kuzingatiwa. Droni ni jina la mashine. Halina kitenzi, halina amri, wala halina mtu anayeambiwa afanye jambo. Kinachosikika ni mlango tu.

Mbarara, Oktoba 1982

Wakati Kampala ikizoea malori, wilaya ya Mbarara ilipitia jambo kubwa zaidi ambalo halikuhitaji gari. Mwanzoni mwa Oktoba 1982, vijana wa chama tawala cha UPC, machifu na askari polisi waliwafukuza Wanyarwanda kutoka makwao. Nyumba zilichomwa na ng'ombe waliporwa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo wakimbizi wa mwaka 1959 na watoto wao, lakini pia raia wa Uganda wenye asili ya Kinyarwanda ambao mababu zao walikuwa hapo kabla ya mpaka kuchorwa. Takriban watu 40,000 walivuka kuingia Rwanda kabla ya nchi hiyo kufunga mpaka. Zaidi ya 30,000 walisukumwa katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo.

Tukio hili kwa kawaida huandikwa katika historia ya Rwanda, na kwa sababu nzuri: vijana wengi waliofukuzwa walijiunga na NRA, na kutoka humo wakaunda jeshi lililovuka mpaka tarehe 1 Oktoba 1990. Lakini lina nafasi yake katika historia ya lugha pia. Watoto wa Nakivale waliosikia Kiswahili kama lugha ya askari waliokwenda kinyume nao walijifunza lugha hiyohiyo porini kama lugha ya jeshi lao, na baadaye wakaingia nayo Kigali. Kiswahili cha amri hakikuwa mali ya upande mmoja. Kilihama pamoja na bunduki, na kila aliyeishika alikikuta tayari kimelainishwa kwa matumizi hayo.

Shamba na lori

Nakivale ilifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda hao wa mwaka 1959 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Iko kando ya ziwa lenye jina hilohilo, zamani ndani ya wilaya ya Mbarara na sasa ndani ya Isingiro, nayo imegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyodumu muda mrefu zaidi barani Afrika. Baada ya 1994 walikuja Wanyarwanda wengine, wengi wao Wahutu. Wakaja Wakongo kwa mawimbi, kila vita vya Kivu vilipowaka upya. Wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Uganda inasifiwa kimataifa kwa utaratibu wake: mkimbizi hafungiwi kambini, bali hupewa kipande cha ardhi ajitegemee kwa kilimo. Mkakati wa kujitegemea wa mwaka 1999 na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 vimejengwa juu ya wazo hilo, hata kama vipande vyenyewe vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka na wenyeji wanavyodai malisho yao.

Katika utaratibu huo kupanda mbegu si shughuli ya kiuchumi tu. Ni namna ya kuthibitisha kwamba mtu yupo kihalali. Anayelima ametambuliwa, anayezuiwa kulima ameambiwa jambo hata kama hakuna barua aliyoandikiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wanyarwanda wa Nakivale mwaka 2009. Rwanda, Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walikuwa wametia sahihi makubaliano ya mwaka 2003 kuhusu kurejea kwa hiari, na waliojitokeza walikuwa wachache. Ikawekwa tarehe ya mwisho, 31 Julai 2009, na Wanyarwanda wakapigwa marufuku kulima. Wengi hawakuondoka. Walibaki katikati ya mashamba wasiyoruhusiwa kuyagusa, wakitegemea majirani na vibarua.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Julai 2010, malori yalikuja. Katika makazi ya Nakivale na Kyaka II Wanyarwanda walikuwa wameitwa wakusanyike, wakielezwa kwamba watapewa chakula au majibu ya maombi yao ya hifadhi. Walipokwisha kukusanyika walizingirwa na askari wenye silaha, wakapandishwa malori na kuvushwa mpaka usiku. UNHCR ililaani hadharani na kutaja idadi ya watu wapatao 1,700. Wapo walioumia, wakiwamo wanawake wajawazito; wapo watoto waliotenganishwa na wazazi wao; vifo vya watu walioruka kutoka kwenye malori viliripotiwa. Serikali ilisema walioondolewa ni waomba hifadhi waliokataliwa. UNHCR ilijibu kwamba miongoni mwao walikuwamo wakimbizi waliotambuliwa.

Mtu anayeifahamu historia ya Kampala hawezi kusoma maelezo hayo bila kuona utaratibu uleule: kuzingira, kukusanya, kuchuja, kupakia. Kilichobadilika ni mwanzo wake. Misako ya 1982 ilianza na amri iliyosema wazi inachotaka. Ule wa 2010 ulianza na mwaliko, na mwaliko ulihusu chakula. Kwa upande wa sera, hilo ndilo lililoharibu zaidi, kwa kuwa kila kazi ya kawaida ya makazi ya wakimbizi, iwe ni kugawa posho, kuhesabu watu au kutoa chanjo, huanza na tangazo la kuwaita watu mahali pamoja.

Baada ya hapo kiliendelea kipindi kirefu cha kisheria, ambapo kifungu cha ukomo wa hadhi ya ukimbizi kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998 kilipangiwa tarehe na kusogezwa hadi 31 Desemba 2017. Wakati huo Nakivale yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa ya Wakongo kwa idadi na ya Kiswahili kwa mazungumzo. Kwa Mkongo, panda gari haina historia ya Obote wala ya Amin. Vita alivyokimbia vina maneno yake. Kupanda kunakomhusu ni kwa jembe, misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na kwingine ni kupanda ndege, maana wakimbizi wa Kongo wamekuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa makundi makubwa zaidi yanayohamishiwa Marekani. Safari hiyo nayo huanza na orodha ya majina na gari linalokuja kuchukua watu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kukamilisha taratibu zikabaki zilipo. Kuitwa upande, na kutoitwa: kitenzi kilekile kimekuwa tishio kwa mkimbizi mmoja na tegemeo kwa jirani yake wa upande wa pili wa barabara.

Kauli ya kitenzi

Wataalamu wa sera ya lugha nchini Uganda kwa muda mrefu wameeleza kusitasita kwa watu wa kusini mbele ya Kiswahili kama chuki, kiburi cha Kiganda, au ujinga utakaoondolewa na elimu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo ni mazuri, lakini maelezo ya kusitasita yana kasoro. Mtu asiyependa neno alilosikia mara ya mwisho baba yake akichukuliwa hana tatizo la kielimu. Kitabu cha darasa la nne chenye mada ya usafiri kitamfundisha mtoto kusema panda gari, na mtoto huyo akirudi nyumbani Isingiro au Masaka atalisema mbele ya bibi yake. Mwalimu aliyeandaliwa atajua la kufanya. Mitaala ya kumwandaa mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda ingefaa kuwa na somo la historia hii, sambamba na somo la ngeli.

Jambo la pili linahusu uandishi wa matangazo na nyaraka kwa Kiswahili ndani ya makazi, na hapa sarufi yenyewe inatoa msaada. Kiswahili kina kauli ya kutendeshwa, ambayo humtaja aliyefanyiwa bila kuficha kwamba palikuwa na mfanyishaji. Kupanda gari ni tendo la aliyepanda. Kupandishwa gari ni tendo la mwingine juu yake, na ndiyo sababu mshtakiwa husemwa kuwa amepandishwa kizimbani, si kwamba alipanda. Amri panda gari ilikuwa na hila ya pekee: ilimlazimisha mtu, kisha ikamfanya atende kwa miguu yake mwenyewe, hata akitazamwa kwa mbali aonekane msafiri. Walioibakiza kama ilivyo na kuifanya jina waliinasa hila hiyo.

Hila hiyohiyo inaweza kuingia katika nyaraka zisizo na nia mbaya. Kurejea na kurejeshwa si visawe. Kuhama na kuhamishwa si visawe. Ripoti ya Kiswahili inayosema wakimbizi 1,700 walirejea Rwanda Julai 2010 ina sarufi sahihi na habari ya uongo. Aidha, tangazo linaloandikwa Mbarara kwa ajili ya Nakivale hupita mikononi mwa mfasiri aliyejifunza Kiswahili shuleni, kisha husomwa kwa kipaza sauti mbele ya Wakongo wanaotarajia mupande, Warundi waliokulia Tanzania wanaotarajia pandeni, na Wanyarwanda wachache waliobaki, ambao mwaka 2010 waliitwa kupokea chakula. Mfasiri huyo akiandika panda, kwa umoja, kwa kuwa ndivyo umbo la amri linavyoorodheshwa katika jedwali la vitenzi, atakuwa amerudia bila kujua Kiswahili cha batalioni ya nne. Akiandika wanaotaka kusafiri wapande, atakuwa ametumia maneno mawili zaidi, na atakuwa amesema pia kwamba kuna wasiotaka.